Mwaka wa Akiba ya Idi

Watu hupenda kusema kwamba mtu huumbwa ujanani. Labda wao. Mimi mwaka ulioniumba ulinikuta nina mvi, nina nyumba ya wageni pembeni mwa barabara kuu pale Mikumi, na sauti ambayo katika ukoo wetu hakuna aliyethubutu kuikatiza. Nilidhani nimekwisha kuwa mtu, kumbe bado. Nauandika mwaka huo kwa sababu juzi tumemaliza arobaini ya dada yangu Mwanahawa kule Munisagara, na nilipokuwa nimekaa kwenye jamvi nikisubiri pilau, nikawasikia vijana nyuma yangu wakisimuliana habari za mpwa wangu Idi, mtoto wa huyo marehemu. Mmoja alisema Idi alihasiwa hospitalini Dar es Salaam, kisha akanunuliwa uzazi wa mtu mwingine. Mwenzake akasema hapana, mjomba wake, yule tajiri wa Mikumi, ndiye aliyempeleka kwa mganga. Idi mwenyewe alikuwa jirani tu, ameshika birika na beseni anawanawisha watu mikono, anasikia yote na kutabasamu. Yeye ni mpole. Mimi si mpole. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini kalamu naijua, na nitaandika ilivyokuwa.

Habari za baba na mama na utoto wa shida nimeziacha. Kila mzee anazo, na zote zinafanana. Inatosha mjue kwamba nilikata miwa Ruhembe mpaka viganja vikawa kama soli ya kiatu, nikahamia Mikumi kuwauzia madereva wa malori mahindi ya kuchemsha, na kila tofali la nyumba yangu nililinunua mwenyewe. Wakati huo Idi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, anakaa kwangu chumba namba moja, kile kinachopakana na jiko, kwa sababu jiko lilikuwa lake. Dereva aliyetoka Tunduma alikuwa tayari kuvumilia njaa mlima wote ili aje kula mchuzi wa kuku wa Idi. Asubuhi nilikuwa nikiamshwa na harufu ya supu yake na sauti yake akiwatania wasichana wa kuosha vyombo. Alikuwa amechumbia kijiji cha Zombo, binti mmoja aitwaye Zuhura, na posa ilikuwa imekubaliwa. Kisha akaanza kukonda. Akawa anatoka jasho mpaka shuka linalowa, na shingoni pakaota uvimbe mgumu kama kokwa la zambarau, kesho yake ukawa kama umetafuta mwenzake, ukaota wa pili. Hospitali ya Kilosa walidhani ni kifua kikuu, akapimwa makohozi, wakakuta sicho. Kutoka Kilosa tukatumwa Morogoro, kutoka Morogoro tukatumwa Dar es Salaam, wakakata kipande cha ule uvimbe wakakipima, jibu likarudi: saratani ya tezi.

Hapa nisimamishe hadithi kidogo, maana bila jambo hili hamtaelewa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Idi ni wetu kwa sababu dada yangu ndiye aliyemzaa. Baba yake, Mungu amrehemu, aliishi nasi kama mgeni mwenye heshima zake. Mjomba ndiye anayeamua, ndiye anayelipa, ndiye anayekemea. Na kwa kuwa ndiye anayekemea, hataniani na mpwa wake, wala hawazungumzi kabisa mambo ya chumbani. Mtu wa kwetu anaweza kumzika mjomba wake bila kuwahi kutamka mbele yake neno la mke na mume ila kwa kuinamisha macho. Mambo hayo kijana huyapata kwa babu, kwa bibi, au kwa mtani.

Sasa tuingie kwenye chumba cha daktari. Alikuwa binti mdogo mwenye ushungi wa kijivu, akaniamkia shikamoo kabla hajafungua faili, nikampenda hapo hapo. Alituambia kwamba ugonjwa huo ukiwahiwa wengi wanapona, na kwamba Idi amewahi. Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza. Akasema dawa za kuutibu, zinazoingizwa kwa dripu, zinaua kitu chochote mwilini kinachokua haraka: uvimbe, nywele, na mbegu za kiume. Nywele hurudi, akasema. Uzazi unaweza usirudi. Ila pale mjini kulikuwa na kituo kinachochukua mbegu za mwanaume na kuzigandisha kwenye baridi kali, zikakaa miaka mingi zikimngoja mwenyewe, mradi ifanyike kabla ya dripu ya kwanza. Alikuwa tayari kusubiri mpaka mwisho wa wiki iliyofuata, zaidi ya hapo ugonjwa usingesubiri. Kisha akamgeukia Idi akamwuliza waziwazi, kama mtu anayeuliza chai au kahawa, kama angependa kupata watoto baadaye.

Idi alitazama kandambili zake. Mimi nilitazama ukutani, palikuwa na picha ya figo. Feni ilizunguka pale juu, mpaka Idi akajibu kwa sauti ya chini, "Haina haja, dokta."

Daktari akaandika. Alikuwa na haki ya kuandika, ameuliza na amejibiwa. Lakini mimi nilimjua mpwa wangu. Kijana aliyekuwa akiwahesabia wasichana wa kuosha vyombo watoto atakaowazaa, huyu nitamwita fulani, huyu fulani, leo aseme haina haja? Iliyojibu pale ilikuwa adabu. Asingeweza kusema anataka kuzaa huku mjomba wake amekaa kiti cha pili, magoti yetu yanakaribia kugusana. Na mimi nisingeweza kumwambia sema ndiyo, kwa sababu angesema ndiyo kwa amri yangu, na jambo la namna ile halifanyiki kwa amri. Tukatoka, tukapanda basi la kurudi, tukazungumza bei ya mchele mpaka Morogoro.

Kilosa nikakusanya ukoo, nyumbani kwa dada, nyuma ya reli. Tulikaa chumba cha mbele, madirisha yamefungwa kwa sababu ya masikio ya majirani, joto la kutosha kuivisha ndizi. Tuliletewa ugali, mlenda na dagaa wa kukaanga. Kaka yetu mkubwa, Bakari, alikula kwanza akamaliza, akanawa, ndipo akasema. Alisema vizuri, siwezi kumpunja. Alisema nguvu za ukoo zina mwisho, na zote ziende kwenye kumponya kijana. Kuhusu watoto, alisema, kwani sisi ni Waarabu? Watoto wa Idi watakuwa wa ukoo wa mkewe, wa watu wa Zombo. Tangu lini mtu akapalilia shamba la jirani kabla hajapalilia la kwake? Wazee wakaitikia. Mmoja akaongeza habari ya dini, nami nikamwambia nimekwisha kumwuliza shehe, akasema kama mbegu ni za mwenyewe na zitakwenda kwa mkewe wa ndoa, yeye haoni ubaya. Bakari akasema hazungumzii dini, anazungumzia akili.

Ndipo dada yangu akatoka jikoni na kusimama mlangoni, upawa mkononi. Mwanahawa hakuwa msemaji. Akamwuliza kaka yake, "Bakari, wanao wote wako kwa wajomba zao. Wakikuletea wajukuu sikukuu, huwa unawafukuza?"

Mtu mmoja alipaliwa na maji. Wengine wakacheka, na mwishowe Bakari naye akacheka, kwa sababu wajukuu wale walikuwa wakimpanda mgongoni kila sikukuu na yeye ndiye anayewanunulia pipi. Lakini hakubadili neno. Aliniambia mimi ndiye mwenye kijana na mwenye mfuko, nifanye nionavyo, ila nisije nikasema ukoo ndio ulionituma. Nikamwambia sijawahi kutumwa na mtu tangu nilipoacha kukata miwa. Gharama nikabeba, na habari za gharama ziishie hapo.

Ila ukoo kuruhusu, au kutokataza, hakukunisaidia kitu. Kijana mwenyewe alikuwa bado amesema haina haja, na babu na bibi zake wote walikuwa makaburini. Nikiwa njiani kurudi Mikumi nikamkumbuka Mama Masanja. Huyu ni Msukuma, watu wake walikuja huku na ng'ombe wao miaka ya karibuni, naye alikuwa akituletea maziwa ya mgando pale nyumba ya wageni. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukaa juu ya jeneza lako akadai chenji. Nilimfuata nyumbani kwake, nikazunguka mbuyu wee, nikataja hali ya hewa, nikataja malisho, mpaka akaniambia, "Sema, mtumwa wangu, mimi nina ng'ombe wa kukamua." Nikasema. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Kisha akasema nimwachie.

Alikuja kesho yake mchana, saa ambayo wateja wamepungua. Mimi nilikuwa stoo, ambayo imetenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao tu. Nilikuwa nimekwenda kutazama mchele. Nilimsikia akivuta kigoda.

"We mtumwa wangu, mbona umekonda kama fito? Mizigo yangu atabeba nani?"

"Naumwa, mama."

"Nimesikia. Tena nimesikia unakwenda Dar kuhasiwa."

Kisu kilichokuwa kikikata vitunguu kikasimama. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha nikamsikia Idi akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu uvimbe ule uote.

Mama Masanja hakumwacha apumue. Alimwambia kwamba kwao fahali mzuri, akipangwa kuhasiwa, anaachwa kwanza apande, ili uzao wake ubaki zizini. Hata ng'ombe anapewa heshima hiyo. Je, yeye, kijana mwenye mchumba mwenye shingo kama ile ya Zuhura, anamwambiaje daktari haina haja?

"Ningesema nini? Mjomba alikuwa amekaa pale pale."

"Kwa hiyo watoto wako wasizaliwe kwa sababu mjomba wako ana masikio?"

Mafuta yalikuwa yakichemka. Kisha Idi akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "Nataka. Nataka kuliko hata kupona, Mungu anisamehe. Nikipona nikawa peke yangu, nimepona kwa ajili ya nini? Lakini nitamwambiaje mzee?"

"Huna haja ya kumwambia. Yuko stoo tangu nilipokuja, anapumua kama treni ya mizigo."

Nilitoka na kopo la mchele mkononi. Idi alisimama, macho chini. Nilisema kesho tunapanda basi la asubuhi, akasema sawa mjomba, nikapita.

Kile kituo cha Dar kilikuwa ghorofani, sakafu inang'aa, viti vya ngozi, na wanandoa wamekaa wawili wawili bila kutazamana. Nesi alimweleza Idi taratibu, mimi nimejitia kusoma gazeti, na mnajua kusoma kwangu. Niliposikia kwamba ataingia chumba cha peke yake na kikombe, nikaelewa kitu kimoja haraka sana: huyu mtoto hataweza hata kidogo akijua mjomba wake yuko upande wa pili wa mlango. Nikasimama. Nikamwambia nesi kwa sauti, ili Idi asikie, kwamba nina njaa na natafuta chakula mbali, mtaa mwingine kabisa. Nikashuka, nikavuka barabara mbili, nikaingia hoteli moja ya wali. Meza ya jirani walikuwa mafundi wawili wakibishana kama nazi inaharibu maharage au inayatengeneza. Niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake. Sahani yangu ikapoa.

Idi alinikuta pale. Sikumwuliza, kwa kuwa sikuwa na haki ya kuuliza. Alivuta kiti, akaita wali kuku, akala wote, akachukua na paja la kuku nililoliacha sahanini. Hapo nikajua mambo yamekwenda. Baada ya kupumzika siku chache alirudi tena, ili akiba iwe ya kutosha, na mara hiyo nilikwenda hoteli ile ile kabla hajafika hata ngazini. Karatasi alizitia sahihi mwenyewe. Walimwuliza mbegu zifanyweje akifa, akawajibu. Alichojibu sijui, na sitamwuliza.

Kisha zikaja dripu. Miezi ile sitaipamba. Alikuwa akienda Dar, anarudi Mikumi, analala chumba namba moja, na tulilazimika kuhamishia jiko uani kwa sababu harufu ya kitunguu, kitunguu chake mwenyewe, ilimtapisha. Nywele zilitoka, na nyusi. Uji wa ulezi nilimkorogea mimi, mwanaume wa umri wangu, wasichana wa vyombo wakinitazama kama nyani aliyeingia msikitini. Alisema una madonge. Nikamwambia akipona atakoroga mwenyewe. Zuhura alikuwa akija na bibi yake, Bi Tabu, ambaye alikaa nje ya mlango uliofunguliwa wazi ili wachumba wazungumze kwa heshima, na ambaye alisinzia haraka mno kwa mtu aliyekuja kulinda. Mwisho wa matibabu wakampiga picha tena, na ugonjwa ulikuwa umeondoka. Daktari wa ushungi wa kijivu alinipigia mwenyewe.

Lakini maneno husafiri kuliko basi. Kabla mwaka haujaisha tukaitwa Zombo. Walisema wanataka kuzungumza juu ya posa, na sisi wote tulijua posa inayozungumzwa ni posa inayorudishwa. Nilikwenda mimi, kaka Bakari kwa kuwa ndiye mkubwa, mshenga wetu, na Idi na kofia yake kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimeanza kuota kama za kifaranga. Tulikaribishwa chumba chenye mikeka mipya, kabati la vyombo vya wageni, na harufu ya kuku kutoka uani ambayo hakuna aliyekuwa na uhakika kama ataonja. Mjomba wa Zuhura, Mzee Salumu, ni mkulima wa ufuta, uso wake haujui mzaha. Alikuja moja kwa moja.

"Tumesikia maneno, hatutayarudia. Tunauliza tu, huyu kijana ana uzazi au hana? Dada yangu ana mtoto mmoja tu wa kike, ni huyu Zuhura. Asipozaa, nyumba ya dada yangu imefungwa."

Lilikuwa swali la haki. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyo hivyo. Mshenga akanitazama, nikajikohoza, nikatayarisha sauti yangu ile. Ndipo Idi akasema, "Mjomba, naomba niseme mimi."

Akavua kofia. Aliwatazama wao, hakunitazama mimi. "Sina hakika kama mwili wangu utarudi. Daktari amesema huenda usirudi. Kabla ya dawa nilikwenda nikatoa mbegu zangu, zimegandishwa, ziko Dar es Salaam kwa jina langu. Hiyo si dhamana. Zinaweza kushika na zinaweza zisishike. Zuhura anajua yote, nilimwambia kabla nywele hazijatoka. Mkitaka kurudisha posa, rudisheni. Ila msirudishe kwa uongo mliosikia."

Yote hayo mbele yangu. Masikio yaliniwaka, macho yakaenda kwenye mkeka yenyewe, kama yalivyofundishwa. Kisha nikasema moyoni, la, leo sitazami mkeka. Nikainua kichwa, nikamtazama kijana yule mwenye kichwa cha kifaranga, na nikamtazama Bakari nione kama naye anaona. Alikuwa anaona.

Aliyesema wa kwanza ni Bi Tabu, kutoka mlangoni. Alisema marehemu mumewe yeye alikuwa nazo zote mwilini, na hakuwahi kujua anaziacha wapi. Wanawake wa uani walicheka mpaka sufuria likaanguka. Mshenga wetu alijifunika uso. Mzee Salumu peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nani alimpeleka huko Dar?"

"Mimi."

"Ukijua watoto watakuwa wa kwetu?"

"Nikijua."

Akasimama. Akavuka mikeka kwa miguu mitupu, akainama, akanipa mikono yote miwili. "Basi ahsante, mzee mwenzangu," akasema, "kwa kututunzia watoto wetu." Kisha akageukia uani akaagiza kuku aletwe.

Ndoa ilifungwa baada ya mavuno. Mwili wa Idi haukurudi, kama daktari alivyohofia, na ilibidi waende kwenye akiba. Mara ya kwanza haikushika, na Zuhura alilia wiki nzima kwenye chumba namba moja. Mara ya pili ikashika, akazaliwa wa kike, na Zombo walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba. Baadaye akaja wa kiume. Wote wawili ni wa Mzee Salumu. Yeye ndiye anayeamua wasome wapi na waitwe nani, na mimi sina amri juu yao hata ya kuwatuma chumvi dukani. Nimejenga vingi maishani, na vyote vina jina langu. Hao hawana, na mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, ndio ninaowataja kwanza.